Mstari Uliopita Jikoni

Bamgol, Seoul
2 Machi 2020

Mwanangu Ingyu,

Habari za huko ofisini kwenu. Mimi mzima, tukiacha magoti. Baridi imeanza kulegea ila asubuhi bomba la uani bado linagoma.

Simu nimeacha kukupigia, usidhani nimenuna. Sikio la kulia lilishakufa zamani na la kushoto linafuata. Zamani nilikuwa namwangalia mtu midomo nikamwelewa, sasa kwa huu ugonjwa kila mtu kajiziba na barakoa. Juzi muuza tofu kanipa habari ndefu, mimi nacheka na kuitikia "ndiyo, ndiyo," kumbe ananiambia mama yake kafariki. Aibu niliyoipata siwezi kukusimulia. Kwa hiyo nakuandikia. Kusoma bado nasoma.

Chuo kimefungwa, watoto wanasomea kwenye kompyuta huko makwao. Vyumba vyangu vyote tisa ni vitupu, hata kile cha kona ulichokaa wewe miaka sita. Haijawahi kutokea toka nianze kupangisha wanafunzi na kuwalisha, na hiyo ni miaka thelathini na minane. Juzi nimepika wali wa watu kumi na mmoja kwa mazoea tu, tukaula mimi na mume wangu siku mbili.

Sasa kilichonishikisha kalamu. Tarehe thelathini Juni ule mstari unatimiza miaka ishirini. Najua unaujua kuliko mimi, lakini niache niseme maana nina hasira. Jiji lilichora ramani, likasema kichochoro chetu ni ardhi ya chuo, siku chuo kikitaka kujenga kijenge. Mstari ukapita katikati ya jiko langu. Mtungi wa mchele uko chuoni, mimi ninayechota niko nyumbani kwangu. Toka siku hiyo hatuna ruhusa ya kujenga upya wala kuongeza ukuta, ni kuziba viraka tu. Paa linavuja vyumba vinne. Na chuo chenyewe hakijajenga hata banda la kuku. Lakini sheria inasema miaka ishirini ikiisha bila ujenzi, mstari unakufa wenyewe. Siku hizo nimezihesabu kama mfungwa.

Halafu wiki iliyopita nimeona watu wenye kofia za plastiki wanapima kichochoro. Eti bweni, ghorofa kumi na mbili. Ni kweli?

Hali ya Mzee wangu unaijua. Akili inamtoka kidogo kidogo, lakini ndani ya nyumba hii anajua choo kilipo, anajua kamba ya taa, lango anafunga mwenyewe. Vuli iliyopita binti yangu Suryeon alitaka tujaribu kukaa kwake Changwon, ghorofa ya kumi na nne. Siku nne nzima Mzee alisimama mbele ya mlango kashika viatu mkononi, akajikojolea, mtu aliyekuwa mwalimu wa hesabu. Tuliporudi, kaingia tu langoni akaenda chooni peke yake, akanawa, akauliza chakula kiko wapi. Daktari kasema tusimhamishe. Hapa bado ni mtu. Tukitolewa hapa, kitakachobaki ni nyumba ya kulelea wazee, na huko sijaona aliyerudi.

Wewe umo kwenye idara hiyo hiyo inayopanga ardhi za vyuo. Nakuomba uniambie ukweli.

Na kama unamjua mpumbavu aliyechora ule mstari, nitajie jina. Kila asubuhi nikichota mchele namwombea ang'oke meno.

Mama yako wa Bamgol,
Maeng Durye


Seoul
11 Machi 2020

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepata nafuu na Mzee anakula vizuri. Sisi hapa nyumbani hatujambo, mke wangu Yeonsil anawasalimu.

Naomba radhi kwamba tangu mwaka mpya sijafika kukuona. Faili la Bamgol liko mezani kwangu, na mwenye faili haruhusiwi kuonana na wenye nyumba mpaka uamuzi utoke. Barua hii naiandika kama mtoto, si kama ofisa. Ukiisha kuisoma, ichome.

Habari ya bweni ni kweli. Wanafunzi wengi hawana pa kulala na chuo kinabanwa na serikali kuwajengea. Lakini jiji haliwezi kukiruhusu kijenge kwenye nyumba za watu kwa mstari peke yake. Ni lazima kilete ombi kabla ya mwisho wa Juni, na ombi hilo liwe na ridhaa ya wenye nyumba wasiopungua sita kati yenu kumi na mmoja, zimepigwa muhuri wa mwenye nyumba na zina cheti cha muhuri kutoka ofisi ya kata cha kuthibitisha kwamba ni wake. Wasipofikisha sita, tarehe mosi Julai mstari unafutika, na hakuna mkubwa yeyote anayeweza kuuongezea hata siku moja. Waliokubali mpaka sasa ni watano, hilo nadhani kichochoro kizima kinalijua.

Kwa hiyo usikubali kitu, Mama. Muhuri wako usitoke mkononi mwako. Hiyo tu ndiyo kazi yako mpaka Juni.

Kuhusu aliyechora mstari, hayo ni ya zamani. Faili ni nene na wakubwa wa wakati ule wameshastaafu. Usijichoshe nayo.

Mwanao,
Pyo Ingyu


Bamgol
16 Machi 2020

Ingyu mwanangu,

Barua yako imenipa usingizi. Watano. Basi tumepona, maana wa sita hawampati hata wakimtafuta kwa tochi.

Na mimi sijalala tu. Unamkumbuka Tak Bonggyu, mwenyekiti wetu wa kichochoro, yule mwenye nyumba mbili pale kwenye ngazi? Yule uliyemvunjia chungu cha kabichi ya kimchi ulipolewa mwaka wa pili. Yeye ndiye anayeongoza upinzani. Tarehe tano alipita nyumba kwa nyumba na kopo la biskuti, akakusanya mihuri yetu sisi tunaopinga ili azigongee karatasi zote za pingamizi pamoja. Karatasi ni nyingi, kasema, za jiji, za kata, za chuo, na sisi wazee tutachoka kugonga. Nilienda kata mwenyewe kwa magoti haya nikachukua cheti cha muhuri, nikampa. Ofisa alipouliza ni cha kazi gani nikasema aache wazi, mwenyekiti atajaza.

Najua unakunja uso. Usinikunjie. Tak nimemfahamu miaka arobaini, alibeba jeneza la mama mkwe wangu. Muhuri wangu ukiwa kwake ni kama uko kabatini kwangu. Kichochoroni kwetu ndivyo tunavyoishi, anayekwenda ofisini anabeba mihuri ya wote.

Lakini mbona swali langu umelikwepa? Ofisa mzima unaniambia faili ni nene. Lifungue, ndiyo maana umeajiriwa. Nataka jina la yule mtu. Sitampiga, nina miaka sabini na minne. Nataka nimwalike aje akae jikoni kwangu, nimpakulie, akila nimuulize mbona hakwenda pembeni kidogo.

Mama yako,
Durye


Seoul
24 Machi 2020

Mama,

Barua hii ikifika tu, vaa viatu uende kwa Tak ukachukue muhuri wako na cheti chako. Vyote viwili. Leo hiyo hiyo, usingoje kesho.

Sababu sina ruhusa ya kuiandika.

Ingyu


Bamgol
30 Machi 2020

Ingyu,

Haya, nimekwenda. Tak kanikaribisha ndani, mkewe kanipa chai ya limau, muhuri kanirudishia umefutwa wino na kufungwa kwenye kitambaa. Cheti hakipo, kimeshaambatanishwa, kaandika kwenye kikaratasi ili nimwelewe. Karatasi zimekwenda zote, kaandika. Nikamwinamia nikamshukuru. Nilikuwa naona aibu, kama niliyekwenda kumpekua.

Ulinitia wasiwasi bure. Miaka sita ulikula kwangu, kuwadhania watu vibaya umejifunzia wapi? Ofisi inakuharibu. Ulipokuja kutoka kijijini kwenu na begi la pilipili kavu ulikuwa unaacha pochi mezani mchana kutwa.

Mzee kakutaja jana. Kaangalia chumba cha kona akasema, "Ingyu hajarudi darasani?" Nikamwambia yuko njiani. Faili likifungwa njoo ule naye. Nitakupikia samaki kwa figili, usilete matunda, matunda yako ya kila sikukuu ya mavuno hatumalizi.

Siku tisini na mbili zimebaki. Fundi wa paa nimeshamwambia, kaandika jina langu la kwanza kwa Julai.

Mama yako,
Durye


Bamgol
20 Aprili 2020

Ingyu,

Utanisamehe mwandiko.

Jumamosi imekuja bahasha ya chuo, nzuri, ina nembo ya dhahabu. Inawashukuru wenye nyumba sita wa Bamgol kwa kuridhia ujenzi. Ndani kuna orodha. Namba moja ni Tak mwenyewe. Namba sita ni nyumba yangu, na jina langu.

Nilikwenda kwa Tak. Nyumba zote mbili tupu. Mapazia hakuna, hata chungu cha soya cha uani kimebebwa. Jirani kaniandikia kwenye kiganja kwamba wamehamia nje ya jiji tangu wiki iliyopita. Nilikaa kwenye ngazi yake nikapiga kelele mpaka nikahisi koo linachanika, sauti yangu mwenyewe siisikii.

Nimekwenda kata. Wakanigeuzia kompyuta nisome. Cheti nilichukua mwenyewe, sahihi yangu ipo, kazi ya cheti niliacha wazi kwa hiari yangu. Muhuri ni wangu. Nikamwambia yule binti wa kaunta lakini sikuugonga mimi. Akaandika: muhuri ukishagongwa, bibi, ni wewe.

Nimekwenda polisi. Wameniambia nisubiri, siku hizi kesi zinakwenda polepole kwa sababu ya ugonjwa.

Wenzangu watano waliobaki hawaniamkii. Wanadhani niliuza. Juzi mke wa Namgung kanipita dukani kama anapita nguzo, tumetia kimchi pamoja kila vuli miaka thelathini.

Nimefanya nini, Ingyu? Nilikuwa na kazi moja, uliniandikia kabisa, usiutoe muhuri mkononi, na nilikuwa nimeshautoa siku sita nyuma. Mzee ananiuliza kwa nini ninalia halafu anasahau, halafu anauliza tena, na mimi namweleza upya. Kila mara anashtuka upya.

Jambo moja tu nakuomba. Wewe unazijua sheria za jiji kwa ndani. Niambie kitu kimoja cha kufanya. Hata kiwe cha kutambaa, nitatambaa. Kama hakuna, niambie hakuna.

Durye


Seoul
27 Aprili 2020

Mama yangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimepiga magoti, na hivyo ndivyo ninavyokuandikia. Kabla sijakwambia neno lolote la nini kifanyike, kuna jambo ni lazima nilitue miguuni pako. Nisipolitua, sioni nitakuelekeza kwa uso gani.

Uliniuliza mara mbili jina la mtu aliyechora mstari. Nilikwambia faili ni nene. Nilidanganya. Ukurasa wa pili wa faili una jina, na jina ni langu.

Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu kazini. Chuo kilipeleka maombi ya kupanua eneo, nikapewa ramani niandae mpaka. Mchoro wangu wa kwanza ulizunguka nyumba yako. Niliijua namba ya kiwanja, Mama, niliiandika nyuma ya kila barua niliyotuma nyumbani kwa miaka sita. Bosi akaangalia akasema mpaka wenye kona unaonekana kama umechorwa na mtoto, kamati itacheka, nyoosha. Kuizunguka nyumba yako kulihitaji kona mbili. Mbili tu. Nilichukua rula nikanyoosha.

Nilijiambia chuo hakitajenga. Nilijiambia nitarekebisha baadaye. Mwezi uliofuata nilikuja kwako na matunda, ukanipakulia pale pale jikoni, nikakaa nimekalia mstari wangu, nikala. Nimefanya hivyo miaka ishirini. Kila ulipomlaani aliyechora, nilisema amina moyoni.

Sikuombi unisamehe. Ninachotaka ni ulijue hili kutoka kwangu kabla hujanitii kwa lolote, maana mtu aliyekuumiza hivi hana haki ya kukuamuru bila kwanza kuinamisha kichwa. Nimekiinamisha. Nakulilia, Mama. Nakulilia.

Ukurasa wa 2

Sasa la kufanya. Lipo.

Ridhaa inaweza kuondolewa na mwenye nyumba maadamu ombi halijapokelewa na jiji. Chuo bado kinamalizia michoro. Kimechukua miadi ya kuleta ombi Ijumaa tarehe 15 Mei, saa nne asubuhi.

Kabla ya siku hiyo andika karatasi moja: "Mimi Maeng Durye, mwenye nyumba ya Bamgol, naondoa ridhaa yangu." Weka tarehe, gonga muhuri wako, chukua cheti kipya cha muhuri. Nakala moja ipeleke chuoni, nyingine ofisi ya mapokezi ya jiji, zote kwa posta ya rejista, na risiti uzitunze. Huna haja ya kueleza sababu wala kumtaja Tak. Posta wakikuuliza lolote, waonyeshe ukurasa huu.

Wewe ukitoka wanabaki watano, na ombi halipokelewi. Hakuna muda wa kumtafuta mwingine. Julai mosi mstari unakufa na Mzee anabaki kwake.

Kabla ya tarehe 15 Mei, Mama. Baada ya hapo hakuna mtu anayeweza kukusaidia, hata mimi.

Mwanao asiyestahili,
Ingyu


Bamgol
4 Mei 2020

Pyo Ingyu,

Nilisoma mpaka pale kwenye rula. Sikuendelea na sitaendelea.

Mwana wa kulisha kweli ni wa kulisha. Ulikuwa na homa ya mapafu mwaka wa tatu, nilikukanda kifua usiku na mchana siku tisa. Mwana wa kiume wa kumzaa sikuwa naye, nikasema huyu hapa. Kumbe nilikuwa namnenepesha.

Nilikuomba kitu kimoja cha kufanya. Umeniletea machozi yako niyashike. Nina ya kwangu.

Usiniandikie. Ukiandika sitapokea. Usije. Ukija nitakuaibisha barabarani, na mimi sitaisikia hata sauti yako, Mungu kanihurumia kwa hilo.

Maeng Durye


(Bahasha ya rejista. Juu yake muhuri wa posta: ALIYEANDIKIWA AMEKATAA KUPOKEA. IRUDI KWA MTUMAJI.)

Seoul
8 Mei 2020

Mama,

Nichukie, lakini funua ukurasa. Barua ya tarehe 27 ina ukurasa wa pili. Soma huo tu, wa kwanza uchane. Kuna kitu cha kufanya na mwisho wake ni Ijumaa ijayo.

Ningekuja mwenyewe nikalala langoni. Mwenzetu ofisini amekutwa na ugonjwa, sote tumefungiwa majumbani mpaka tarehe 17, simu inapiga kelele nikivuka kizingiti. Namba ya Suryeon niliyonayo haitumiki tena. Kesho Yeonsil atakuja kwako na karatasi imeshaandikwa, ibaki kugonga muhuri tu. Mfungulie. Yeye hajakukosea.

Leo ni siku ya wazazi. Sina uso wa kukupongeza.

Ingyu


(Bahasha ya kawaida. Muhuri ule ule wa posta.)

Seoul
18 Mei 2020

Mama,

Ombi limepokelewa Ijumaa saa nne na dakika kumi. Ridhaa sita. Leo nimerudi kazini nikalikuta mezani kwangu, nilishughulikie.

Sijui kwa nini naandika. Najua hii pia itarudi.

Ingyu


Changwon
17 Oktoba 2021

Ingyu,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Niko kwa Suryeon, ghorofa ya kumi na nne. Dirishani naona bandari na winchi za kupakulia mizigo. Ni kuzuri. Kila mtu ananiambia ni kuzuri.

Tulihama mwezi wa nane. Barua ya jiji ya kututoa ilikuwa na jina lako chini, sehemu ya ofisa mhusika. Najua ndiyo kazi. Wasingekupa wewe wangempa mwingine, na herufi zingekuwa zile zile.

Siku ya kuhama vijana walivuta jokofu, nyuma yake ikadondoka barua yako ya Aprili. Niliirusha huko siku ile na sikumbuki hata kuirusha. Nilikaa sakafuni, vijana wakanizunguka na maboksi, nikaisoma yote. Ukurasa wa pili nimeusoma mwaka mmoja na miezi mitatu baada ya Ijumaa yako.

Karatasi moja, Ingyu. Maneno yenyewe uliniandikia, ningenakili tu. Posta ilikuwa hatua mia mbili kutoka langoni, nilikuwa naiona nikianika nguo.

Ndipo nikamwelewa na mkeo. Alikuja ile Jumamosi, akasimama langoni na barakoa yake, karatasi mkononi, anapunga, analia, naona macho tu. Nilimrushia chumvi, kama afukuzwavyo mwenye nuksi, nikafunga lango. Aliendelea kupiga, nilihisi mbao zinatetemeka mgongoni mwangu. Mwambie nimesema aniwie radhi kama anaweza. Chumvi ile ilikuwa yako.

Nimekaa hapa miezi miwili natafuta wa kumlaumu. Tak nimemlaumu mpaka nimemchoka. Nimejilaumu mwenyewe, bibi mzima anaacha barua katikati kama mtoto aliyesusa chakula. Halafu narudi kwako. Uliandika kurasa mbili. Wa kwanza ulijiandikia wewe, wa pili uliniandikia mimi, na mimi nikasoma wa kwako. Najua hukufanya kwa ubaya. Mtoto hampi mkubwa maelekezo kabla hajainamisha kichwa, ndivyo ulivyolelewa, na nusu ya kulelewa huko nilikulea mimi. Nilikuwa nakunyang'anya kijiko ukianza kuomba kitoweo kabla hujanisalimu. Kumbe nilikuwa nakufundisha kuniua.

Sasa nikwambie habari ya Mzee, maana una haki ya kuijua.

Hapa tulikaa siku sita. Siku ya saba alitoka na viatu mkononi, wakamkuta kaanguka kwenye ngazi ya ghorofa ya tano, nyonga imevunjika. Hospitali wakampeleka moja kwa moja kwenye nyumba ya wazee. Kwa ajili ya ugonjwa hatuingii. Namwona Alhamisi, robo saa, kioo katikati. Wamemvalisha nepi. Ananiinamia kwa adabu kama mtu asiyenifahamu, nami namwinamia. Anazungumza, mimi simsikii, kwa hiyo nesi anaandika anachosema kwenye ubao mdogo na kunionyesha kupitia kioo.

Alhamisi hii kaandika: "Anauliza, bibi, wewe unajua njia ya kwenda Bamgol?"

Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo naijua. Akafurahi. Akainuka kitini anifuate, kwa ile nyonga, mpaka akagonga kioo. Manesi wawili wakamshika wakamrudisha ndani, na mimi nikabaki nimesimama pale mpaka mlinzi akanigusa bega. Sitamjibu tena hivyo.

Sikuandikii nikusamehe wala nikulaani, vyote viwili vimeniishia. Ila Suryeon kanionyesha kwenye gazeti kwamba chuo kinataka na upande wa pili wa barabara, kwa ajili ya maabara. Pale anakaa Bibi Gil mshona mashuka, na yuko peke yake, na macho yake hayako vizuri. Faili litakuja kwako au kwa jirani yako wa meza. Siku mkiijua siku ya mwisho ya yeye kukataa, mwandikie barua. Iwe fupi, herufi kubwa. Anza na tarehe. Kama kuna kitu kinakuuma moyoni, kiweke chini kabisa, na karatasi ikijaa kabla hujakifikia, kiache.

Durye